Bakteria anapoamua kutulia: kutoka maabara za Stockholm hadi mpira wa mkojo wa mgonjwa wetu

Tarehe 8 Oktoba 1958, katika Hospitali ya Karolinska iliyoko Solna, ubavuni mwa jiji la Stockholm, daktari wa upasuaji Åke Senning alimpasua mgonjwa aitwaye Arne Larsson na kumwekea mwilini kifaa kidogo cha umeme cha kuusukuma moyo upige. Kilitengenezwa na Rune Elmqvist, mtu aliyesomea udaktari akaishia kwenye uhandisi, na inasimuliwa kuwa gamba lake la plastiki lilimiminwa ndani ya kopo la rangi ya viatu. Kifaa hicho kilifanya kazi saa chache tu kikazima. Larsson akawekewa kingine, kisha kingine, zaidi ya 20 kwa jumla. Alifariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86, baada ya daktari wake na mhandisi wake kumtangulia.

Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa kile tunachokiita betri ya moyo kufichwa ndani ya mwili wa binadamu. Wasweden wana haki ya kujivunia. Lakini tangu siku zile, tiba imezidi kujaza vitu vya plastiki na chuma ndani ya miili yetu: mpira wa mkojo, kanula, mrija wa mashine ya kupumulia, vali ya moyo, nyonga ya bandia. Kila kimoja ni sehemu isiyo na mishipa ya damu, ambako askari wa mwili hawafiki kirahisi. Bakteria akitua hapo, ana mahali pa kujenga.

Jinsi anavyojenga ilikuja kuonekana Kanada mwaka 1982. Thomas Marrie, Bill Costerton na wenzao waliuchunguza kwa darubini ya elektroni waya wa betri ya moyo uliotolewa kwa mgonjwa ambaye maambukizi yake yalikuwa yakirudi hata baada ya kumaliza antibiotiki. Walichokiona juu ya waya ni bakteria aina ya Staphylococcus aureus waliorundikana tabaka juu ya tabaka, wakiwa wamejifunika ute mzito walioutoa wenyewe. Huo ndio utando wa bakteria. Kila aliyewahi kuosha dumu la maji lililokaa muda mrefu anaufahamu, maana utelezi ule wa ndani ya dumu ni utando wa aina hiyo hiyo, na ukoga wa meno vilevile.

Katika nchi zetu, ukitaja bakteria wa hospitalini watu hufikiria jambo moja: usugu wa dawa. Semina, mabango na bajeti vyote vinazungumzia usugu, yaani jeni zinazomwezesha bakteria kuivunja dawa au kuitema. Ni jambo zito. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet yalionyesha kuwa mwaka 2019 usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani, na kanda ya magharibi ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara ndiyo iliyokuwa na kiwango kikubwa kuliko zote. Hata hivyo, kuna kundi jingine la jeni lisiloandikwa kwenye fomu ya majibu ya maabara: jeni za kuganda, yaani za kujenga utando. Bakteria anaweza kuonekana kwenye karatasi kuwa anauawa na dawa uliyo nayo kabatini, ukampa mgonjwa dawa hiyo kwa kipimo sahihi, na bado ukashindwa. Mengi tunayojua kuhusu jeni hizi yalifumbuliwa Stockholm.

Nyuzinyuzi za Umeå

Kisa chenyewe kilianzia kaskazini zaidi. Mwaka 1989, katika mji wa Umeå, Arne Olsén, Ann Jonsson na Staffan Normark waliripoti katika jarida la Nature kwamba bakteria wa utumboni, Escherichia coli, huota nyuzi nyembamba zilizojipinda ambazo hazikuwa zimewahi kuelezwa. Wakaziita kali (curli kwa Kiingereza), kwa ule mpindo wake. Nyuzi hizo humwezesha bakteria kushika protini za mwili wa binadamu. Baadaye, mwaka 2002, ikathibitika kuwa zimejengwa kwa mtindo uleule wa protini zilizokunjana zinazopatikana katika ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer. Tofauti ni kwamba kwa binadamu mkunjo huo ni hitilafu, ilhali bakteria anautengeneza makusudi, kwa jeni maalumu na mitambo maalumu ya kuutoa nje.

Normark alihamia Karolinska Institutet, chuo cha tiba kilichoanzishwa mwaka 1810, ambacho maprofesa wake huchagua mshindi wa Nobel ya tiba kila Oktoba. Huko alifanya kazi na mtafiti kutoka Ujerumani, Ute Römling, ambaye amelifanya suala hili kuwa kazi ya maisha yake.

Inafaa kusimama kidogo kwenye sahani za Römling, kwa sababu hapa jeni inaonekana kwa macho. Unachukua chakula cha bakteria kilichogandishwa, bila chumvi, unatia rangi nyekundu ya Kongo. (Rangi hii ya nguo iliingizwa sokoni Berlin katika kipindi kilekile cha mkutano wa 1884 na 1885 uliowagawia Wazungu Afrika, wauzaji walichukua jina lililokuwa midomoni mwa watu.) Unapanda Salmonella, unaiacha kwenye nyuzi joto 28. Baada ya siku mbili hivi, doa la bakteria limekuwa jekundu, kavu, limejikunja na kukwaruza kama ganda la mti. Ukiligusa kwa kijiti halivutiki kama uji, linanyanyuka zima. Sasa chukua ndugu yake aliyenyimwa jeni ya kutengeneza selulosi, akabaki na nyuzi za kali peke yake: doa lake ni la kahawia. Mwenye selulosi bila kali hutoa doa la waridi. Aliyekosa vyote viwili ni mweupe, laini, anateleza. Rangi nne na jeni chache tu, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuzisoma bila darubini.

Selulosi hiyo ni ileile ya pamba na karatasi. Kwamba Salmonella na E. coli huitengeneza ni jambo lililothibitishwa mwaka 2001, Römling akiwa miongoni mwa waliolithibitisha. Kali na selulosi zikiunganika, utando unakuwa na nguvu ya kuhimili ukavu, klorini na dawa.

Anayeamuru vyote viwili ni jeni moja iitwayo csgD. Ikiwaka, nyuzi zinaota, na kwa kupitia jeni nyingine selulosi inaanza kumwagwa. Ikizimwa, bakteria anabaki peke yake, anaogelea. Mwaka 1998 Römling, Normark na wenzao walichapisha jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote. Salmonella ya kawaida huwasha csgD kwenye nyuzi 28 na kuizima kwenye nyuzi 37, joto la mwili wa binadamu. Lakini kulikuwa na Salmonella wengine waliounda utando kwenye joto lolote. Tofauti kati ya makundi haya haikuwa jeni nzima. Ilikuwa badiliko la herufi moja ya DNA, tena si ndani ya jeni yenyewe bali katika kipande kilicho mbele yake, pale inapowashiwa.

Herufi moja kati ya takriban milioni tano za Salmonella.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa ana sababu ya ziada ya kulitazama hilo. Nyuzi 28 kule Stockholm ni joto la kabati la maabara, au la siku chache za kiangazi ambazo magazeti yao huziandika ukurasa wa mbele. Kwetu ni joto la jikoni na la wodi isiyo na feni. Salmonella yetu haihitaji badiliko lolote ili ijenge utando kwenye ubao wa kukatia nyama.

Ujumbe mdogo ndani ya seli

Swali lililofuata lilikuwa: nani anamwambia bakteria kwamba wakati wa kutulia umefika? Jibu lilikuwa limelala tangu mwaka 1987 katika maabara ya Moshe Benziman mjini Jerusalem, aliyekuwa akichunguza bakteria wa siki. Aligundua kemikali ndogo inayowasha utengenezaji wa selulosi, inayoitwa cyclic di-GMP. Kwa miaka mingi wengi waliiona kuwa jambo la bakteria wa siki tu. Mwaka 2004 kundi la Römling lilionyesha kwamba kemikali hiyo ndiyo inayowagawa hata Salmonella kati ya maisha mawili: ikipanda, bakteria anaacha kuogelea na kuanza kujenga, ikishuka, anafungua safari. Kuna vimeng'enya vya kuitengeneza na vimeng'enya vya kuivunja, na bakteria mmoja anaweza kuwa na jeni nyingi za aina zote mbili, kila moja ikisikiliza habari yake: chakula, hewa, joto, chumvi.

Ndiyo maana nasema bakteria anaamua. Si kwamba anafikiri, lakini utando si uchafu uliojikusanya kwa bahati mbaya. Ni mradi wenye masharti, na masharti yameandikwa.

Bakteria wengine wa hospitalini wana mitambo tofauti kwa kazi ileile. Staphylococcus epidermidis, anayeishi bila madhara juu ya ngozi ya kila mmoja wetu, ana kundi la jeni nne liitwalo ica, lililoelezwa Ujerumani mwaka 1996, linalotengeneza gundi ya sukari. Akiwa juu ya mkono wako hana shida. Akiingia na nyonga ya bandia anaweza kukulaza hospitalini mwaka mzima. Klebsiella hushika plastiki kwa vijimkono vinavyotengenezwa na jeni za mrk. Pseudomonas aeruginosa ana aina kadhaa za ute, na Römling alimfuatilia pia huyu: ukoo wake mmoja, uitwao C, umepatikana kwa wagonjwa na katika maji ya mazingira pia, sehemu mbalimbali za dunia. Maji ya bomba na mapafu ya mgonjwa kwake ni makazi mawili ya familia moja.

Ndani ya kibofu

Kwa wanaougua, utando unaoumiza wengi zaidi uko kwenye njia ya mkojo. Mpira wa mkojo ukikaa siku nyingi, bakteria hupanda kwenye ukuta wake. Karolinska kuna daktari na mtafiti, Annelie Brauner, ambaye kundi lake mwaka 2010 lilichunguza E. coli waliotoka kwa wagonjwa halisi na kukuta kwamba sehemu kubwa walikuwa na kali na selulosi.

Matokeo yao yana mvuto wa aina yake, kwa sababu yanaonyesha vita vikipiganwa pande zote mbili. Mwili wa binadamu hutoa silaha yake ya asili, kijiprotini chenye asidi amino 37 kiitwacho LL-37, ambacho chenyewe kilielezwa na watafiti wa Stockholm katika miaka ya 1990. Kali humsaidia bakteria kushika ukuta wa kibofu na kujikinga dhidi ya LL-37. Lakini kali pia hupiga kelele: mwili ukiihisi unaita askari. Hapo selulosi inaingia, inafunika, kelele inapungua, na bakteria wanachelewa kuondolewa kwenye figo. Upande wa pili, LL-37 nayo ina mbinu, kwani hata kwa kiasi kidogo huzuia vipande vya kali visiungane kuwa uzi. Jeni zinamsaidia bakteria na kumsaliti kwa wakati mmoja.

Katika chuo hichohicho, Agneta Richter-Dahlfors na wenzake wametumia molekuli zinazong'aa zinapokutana na kali au selulosi, na mwaka 2016 wakaonyesha utando wa Salmonella ukijengwa hatua kwa hatua huku bakteria wakiwa hai. Mwaka 2018, wakishirikiana na Brauner, walichapisha kipimo cha kutafuta selulosi ndani ya mkojo wa mgonjwa. Binadamu hatengenezi selulosi, kwa hiyo ikionekana kwenye mkojo ni dalili kwamba kuna utando mahali fulani. Kipimo kama hicho, kikifika siku moja katika hospitali ya wilaya, kingesaidia kuliko mashine nyingi tunazozindua kwa kukata utepe kisha zikakaa bila kemikali.

Maana hapo ndipo pengo letu lilipo. Mkojo ukipelekwa maabara, bakteria huoteshwa, kisha hupimwa kwa visahani vya karatasi vyenye dawa. Lakini anayepimwa pale ni bakteria aliyetolewa ndani ya utando wake, mchanga, anayekua kwa kasi. Ndani ya utando hali ni nyingine: wa chini wamelala, hawali, hawagawanyiki, na dawa nyingi huua anayekua tu. Kiwango cha dawa kinachohitajika huweza kupanda mara mia, hata elfu. Jibu linasema dawa inafanya kazi, nalo ni la kweli kwa bakteria aliyepimwa. Mgonjwa anapata nafuu, dawa inakwisha, homa inarudi, na daktari anapanda ngazi hadi dawa kali zaidi. Hivyo jeni za kuganda huzalisha usugu: kila mzunguko wa dawa ulioshindwa ni nafasi nyingine kwa wasugu, na ndani ya utando bakteria waliobanana hurithishana jeni kwa urahisi.

Sweden nayo imeonja. Mwaka 2005 Hospitali ya Chuo Kikuu cha Uppsala, mwendo wa chini ya saa moja kwa treni kutoka Stockholm, ilianza kupambana na mlipuko wa Klebsiella yenye jeni ya usugu iitwayo CTX-M-15, na kabla haujakwisha wagonjwa zaidi ya 200 walikuwa wameguswa. Hii ni nchi iliyokuwa na mtandao wa kitaifa wa kudhibiti matumizi ya antibiotiki tangu 1995. Na kusini, Skåne, kulikuwa na Pseudomonas sugu aliyekuwa akiishi ndani ya mabomba ya kutolea maji ya masinki ya hospitali na kuwarukia wagonjwa. Ripoti ya mwaka 2016 inaeleza kilichomkomesha: asidi ya siki, iliyomiminwa kwenye masinki kila wiki. Nchi yenye maabara zote hizo ilishinda kwa kitu cha jikoni, baada ya kuelewa kwamba adui alikuwa utando.

Mwanza na Blantyre

Jeni hiyo hiyo ya CTX-M-15 tunayo. Mwaka 2013 watafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, akiwemo Stephen Mshana, waliripoti Klebsiella wa ukoo uitwao ST14 waliokuwa nayo, wakisababisha maambukizi ya damu kwa watoto wachanga. Kichanga aliyelazwa ana kanula mkononi na mrija puani, na Klebsiella ana vijimkono vya kushika plastiki. Jeni ya usugu imeandikwa katika kila ripoti. Jeni za mrk hazitajwi sana.

Lakini bara letu limeongeza sura ambayo Stockholm haikuitarajia. Salmonella Typhimurium wa ukoo wa ST313, aliyeelezwa mwaka 2009 kutokana na sampuli za Malawi na Kenya, haishii tumboni. Huingia kwenye damu, na huua hasa watoto wenye malaria au utapiamlo na watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Anayefahamika zaidi kati yao alitolewa kwa mtoto mjini Blantyre mwaka 2004. Mwaka 2016 ikabainika kwamba Salmonella huyo amepoteza uwezo wa kujenga utando. Jeni yake moja ya selulosi imekatika katikati. Miaka mitatu baadaye watafiti wa Kanada wakaeleza kuwa katika koo kama hizi za Afrika kuna pia badiliko la herufi moja katika sehemu ya kuwashia csgD, eneo lilelile ambalo Römling na Normark walilitazama mwaka 1998, safari hii likielekea upande wa kuzima.

Nadhani hili linapaswa kutuzuia tusichukue somo la Ulaya jumla jumla. Kule adui mkuu wa wodini ni yule anayetulia. Hapa tuna wote wawili: anayetulia juu ya mpira wa mkojo, na aliyeitupa nyumba yake akageuka mvamizi wa damu. Ukimtafuta wa pili kwa kipimo cha utando hutamwona. Ukimtibu wa kwanza kama wa pili, kwa kuongeza dawa tu, hutamtoa.

Wasomi wa kulibeba hili tunao. Makerere na Karolinska zimeendesha kwa miaka mingi mpango wa shahada za uzamivu za pamoja, na Muhimbili ina ushirikiano wa muda mrefu na watafiti wa Sweden uliojengwa zaidi katika utafiti wa UKIMWI. Sahani ya rangi ya Kongo ni rahisi kuliko karibu kila kitu kilicho katika maabara ya hospitali ya rufaa. Sioni sababu ya wodi zetu kutojua ni bakteria wepi wanaoganda.

Wakati hilo likisubiriwa, kuna kinachowezekana leo. Ndugu msomaji, ukiwa na mgonjwa aliyewekewa mpira wa mkojo au kanula, muulize muuguzi kila asubuhi, kwa heshima: bado unahitajika? Usipohitajika, uombe utolewe siku hiyohiyo.